Msomaji Msumbufu na Haki ya Kiti

Mtu aingiaye maktaba ya umma haulizwi atokako, wala dini yake, wala kabila lake, wala kiasi cha fedha kilichomo mfukoni mwake. Na katika taasisi zote zilizojengwa kwa ajili ya watu ni chache mno ziwezazo kusema hivyo kwa kinywa kipana. Hospitali humpokea mgonjwa, mahakama humpokea mwenye shauri, ofisi ya kodi humpokea mwenye deni. Lakini maktaba humpokea kila mtu, hata yule asiye na haja nyingine ila kiti, kivuli na gazeti la leo. Fahari ya maktaba imo katika mlango huo ulio wazi, na taabu zake nyingi zimo humo humo. Kwa kuwa mlango hauchagui, huingia mwanafunzi mwenye bidii, na nyuma yake akaingia mtu aliyelewa. Huingia mzee atafutaye sheria ya mirathi, na kijana ambaye simu yake haiachi kulia. Huingia bingwa wa elimu, na huingia mtu ambaye akili yake imepatwa na maradhi, akizungumza peke yake kwa sauti ambayo chumba kizima huisikia na hakuna ajuaye namna ya kuituliza. Mbele ya wote hao ameketi mkutubi, ambaye hana rungu wala cheo cha kutisha, na ambaye ametakiwa awahudumie wote kwa uso mmoja.

Watu walio nje hudhani ya kuwa kazi yake ni ya mapumziko: kupiga mhuri wa tarehe, kupanga vitabu kwa namba, na kuweka kidole midomoni pale watu wanapocheka kwa nguvu. Dhana hiyo yawadhulumu wakutubi. Kitabu hakigombi, hakidai upendeleo, wala hakitukani kinapochelewa kurudi. Kazi ya vitabu, ingawa yataka elimu na uangalifu, asubuhi huikuta pale ulipoiacha jana. Kazi ya watu ndiyo huanza upya kila mlango ufunguliwapo, na ndiyo impelekayo mkutubi nyumbani jioni akiwa hana nguvu hata ya kuzungumza na aila yake. Nami naiona kuwa ni kazi yenye heshima kubwa, isiyosimuliwa ipasavyo.

Msimu wa mitihani ndio uidhihirishao vizuri. Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Tanganyika, na matawi yake ya mikoani, na kadhalika maktaba za Nairobi, Mombasa na Kisumu, zote hupokea vijana wengi ambao hawakuja kutafuta kitabu cha maktaba hata kimoja. Wamekuja na madaftari yao wenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna meza, au taa ni hafifu, au watu wa nyumba ni wengi na redio haizimwi. Siwalaumu, maana meza tulivu ni haja ya elimu sawasawa na kitabu. Lakini viti vina idadi, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa: kijana hufika mapema, akaweka daftari lake mezani kuwa alama ya kumiliki, kisha akatoka kwenda kutafuta chai na mazungumzo, na arejeapo baada ya saa mbili humkuta mwingine ameketi pale na daftari limesogezwa kando. Sauti hupanda, marafiki wa huyu na wa yule husimama, na wasomaji arubaini waliokuwa kimya huinua vichwa vyao. Mkutubi huitwa aamue. Mimi nasema kiti ni cha yule akikaliaye akisoma, wala daftari haliwezi kusoma kwa niaba ya mwenyewe. Lakini uamuzi huo, hata ukiwa wa haki namna gani, humwonea aliyekosa ikiwa hakuambiwa kabla. Kanuni inayozaliwa katikati ya ugomvi huonekana kwa aliyeshindwa kuwa ni chuki tu iliyovalishwa joho la sheria. Kanuni ile ile ikibandikwa mlangoni tangu mwezi uliopita, kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, humwezesha mkutubi kuelekeza kidole ukutani badala ya kumwelekezea mtu kifuani, na mambo yakaisha.

Pamoja na hayo, msumbufu mbaya kuliko wote hana kelele hata kidogo. Huyu huingia kwa adabu, huamkia, huchagua kitabu, huketi pembeni, hutoa wembe katika kalamu yake, na hukata kurasa nane za sura atakayoulizwa katika mtihani. Kitabu hurudi rafuni kikiwa kizima kwa nje, na hubaki hivyo mwaka mzima, mpaka siku ile mwanafunzi mwingine, aliyetoka mbali kwa nauli ya kuazima, akifungue na kukuta pengo. Ndugu yake wa karibu ni yule afichaye kitabu: hukichukua cha tiba akakisukuma nyuma ya diwani za mashairi, ili kesho akikute peke yake. Katika maktaba yenye maelfu ya vitabu, kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake kimepotea sawa na kilichoibwa, kwa kuwa namba iliyo mgongoni mwake haimwongozi mtu tena. S. R. Ranganathan, mwanahisabati wa India aliyegeuka mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alitoa mwaka 1931 kanuni tano ambazo wakutubi wa dunia husomeshwa hata leo, na mojawapo yataka wakati wa msomaji uokolewe. Mkata kurasa na mficha vitabu ni wezi wa wakati huo, nao humwibia mtu wasiyemwona wala hawatamjua. Ndiyo sababu dhamiri zao hulala usingizi mzito. Kuwakemea hakusaidii sana. Lililosaidia mahali pengi ni kuviweka vitabu vinavyogombewa nyuma ya kaunta wakati wa mitihani, vikatolewa kwa saa moja au mbili kwa jina na kadi, na kuwapo na mashine ya kunakili kwa bei ambayo mwanafunzi aweza kuilipa.

Yuko na msumbufu wa cheo. Huyu hufika na gari lenye dereva, huomba kitabu cha rejea, nacho kikishaletwa hukitia kwapani akaelekea mlangoni. Msichana wa kaunta, ambaye huenda ana miezi michache tu kazini, lazima asimame. “Shikamoo, mzee wangu. Naomba radhi, kitabu hicho ni cha rejea, hakitoki nje ya jengo. Nikuwekee meza kule ndani penye feni?” Naye mkubwa hujibu, “Wewe binti, hunijui mimi ni nani?” Jawabu la swali hilo ndilo kipimo cha maktaba nzima. Binti akitetemeka na kumwachia, basi kanuni iliyokuwa ukutani imekufa siku hiyo, na mlinzi wa mlangoni, na yule mwanafunzi aliyekatazwa jana kutoka na kitabu kile kile, wote wameishuhudia ikizikwa. Akijibu kwa jeuri, amejitafutia adui. Kinachofaa ni upole usiorudi nyuma: “Nakujua, mheshimiwa, na ndiyo maana najua utatusaidia kuilinda kanuni hii.” Watu wa namna hii, ambao hawajazoea kukatazwa, aghalabu huzoea upesi wakikatazwa kwa heshima, na asiyezoea, basi mkuu wa maktaba atoke ofisini mwake asimame kando ya binti yule. Mkuu ambaye humwacha mtumishi wake mdogo akabili vyeo peke yake, kisha jioni akamlaumu kwa matokeo, hastahili kiti anachokikalia.

Yote hayo yavumilika. Lisilovumilika ni lile la mwanamume ambaye hufuata wasichana kutoka rafu hata rafu, huketi mbele yao akiwakodolea macho, huwaandikia vikaratasi, na huwangojea ngazini. Hapa subira si wema, ni khiyana kwa yule anayefanyiwa maudhi. Msichana aliyeudhiwa mara mbili hatarudi mara ya tatu, wala hatamwambia mtu sababu. Atakuwa amefukuzwa maktabani na mtu ambaye hana mamlaka ya kumfukuza, ilhali mwenye mamlaka alikuwa akitazama kitabu cha mahudhurio. Mkutubi asingoje ashtakiwe jambo hili. Akiliona aliendee, aseme maneno machache yasiyo na tabasamu, na likirudiwa mtu yule atolewe nje na kadi yake izuiwe.

Wakutubi wa zamani walijaribu njia nyingi za kuzuia usumbufu, na baadhi ya njia hizo zilikuwa mbaya kuliko usumbufu wenyewe. Uingereza, ambayo ilipata sheria yake ya maktaba za umma mwaka 1850, ilipofika mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na maktaba zilizokuwa zikipaka wino mweusi juu ya habari za mbio za farasi katika kila gazeti, ili wacheza kamari wasije kujazana kwenye chumba cha magazeti. Nakumbushwa jambo hilo kila nionapo vijana wa siku hizi wakitumia intaneti ya maktaba kukagua mkeka wa kamari ya mechi za mpira wa Ulaya. Vitabu navyo viliwekwa nyuma ya ukuta, msomaji akaagiza kwa karatasi asione rafu kwa macho yake, kwa imani ya kuwa mwananchi wa kawaida akiachwa peke yake na vitabu ataviiba au ataviharibu. Mwaka 1894 maktaba ya Clerkenwell mjini London, chini ya James Duff Brown, iliwafungulia watu rafu wachague wenyewe. Wakutubi wengi walipinga kwa maneno makali, lakini leo hatuwezi hata kufikiri maktaba ya mtaa ambayo rafu zake zimefungwa. Vitabu vingine viliibwa, ndiyo. Vilivyosomwa vilikuwa vingi zaidi.

Kuna na njia ya tatu, ya kuufunga mlango wenyewe, na hiyo twaijua sisi wa Afrika Mashariki. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, lile jengo zuri la nguzo nene na simba wawili wa mawe, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kuketi humo kusoma. Aliyezuiwa hakuwa amepiga kelele, wala hakuwa amekata kurasa. Usumbufu wake ulikuwa rangi ya ngozi yake. Nchi zetu zilipopata uhuru zilifanya haraka kutunga sheria za maktaba za watu wote, Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, na sidhani haraka ile ilikuwa ya bure. Mtu aliyewahi kusimamishwa nje ya mlango wa vitabu hawezi kusahau upesi.

Marekani ilikuwa na mlango wa namna hiyo, na kisa chake kimoja chastahili kujulikana na kila mkutubi. Tarehe 7 Machi 1964, katika mji mdogo wa Clinton katika jimbo la Louisiana, vijana watano weusi waliingia tawi la maktaba ambamo desturi haikuwataka waingie. Maktaba ya wilaya za huko ilikuwa na magari mawili ya kupeleka vitabu vijijini, jekundu la wazungu na la buluu la weusi, na kadi ya mtu mweusi ilipigwa mhuri wa kumtambulisha. Mmoja wao, Henry Brown, aliomba kitabu cha historia ya watu weusi kilichoandikwa na Arna Bontemps. Mtumishi alitazama, hakukiona, akaahidi kukiagiza, kisha akawataka waondoke. Brown akaketi, wenzake wakasimama karibu naye. Hawakusema kitu. Baada ya dakika chache akaja mkuu wa polisi wa wilaya akawakamata, nao wakahukumiwa kwa kosa la kuvunja amani. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1966 majaji watano dhidi ya wanne wakaifuta hukumu ile, kwa hoja ya kuwa hakuna amani iliyovunjwa na mtu aliyeketi kimya maktabani. Kura tano kwa nne, kwa jambo lililo wazi kiasi hicho! Nikiisoma kadhia hii naona jinsi lilivyo jepesi kumpa mtu jina la msumbufu, na jinsi jina hilo linavyoweza kubebeshwa chuki yoyote ambayo mwenye mlango anayo moyoni.

Hata hivyo ingekuwa rahisi mno kuishia hapo na kusema kila afukuzwaye ameonewa. Katika mji wa Morristown, jimbo la New Jersey, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwapo mtu mmoja asiye na makazi, Richard Kreimer, aliyekuwa akienda maktaba ya mji karibu kila siku. Watumishi walilalamika ya kuwa aliwakazia macho wasomaji, aliwafuata, alisema kwa sauti, na harufu ya mwili wake iliwafanya wengine wahame meza. Mwaka 1989 maktaba iliandika kanuni: mtu awe anasoma au anatumia maktaba kwa kazi yake, asiwaudhi wengine kwa kuwakodolea macho au kuwafuata, na ambaye uchafu wa mwili wake umekuwa kero kwa wengine aondoke. Kreimer alitolewa, naye akaenda mahakamani. Mwaka 1991 Jaji H. Lee Sarokin alimpa ushindi, akasema kwa maana hii, ya kuwa kama hatupendi kuwaona na kuwanusa maskini basi tuwaondolee umaskini wao, tusiwaondolee kadi zao za maktaba. Maneno hayo yalisifiwa na wengi, nami nayaona mazuri. Lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa iliitengua hukumu ile. Ilikubali, na jambo hili lilikuwa kubwa, ya kuwa mwananchi ana haki ya kikatiba ya kupata maarifa, na ya kuwa haki hiyo inamfikisha mpaka ndani ya maktaba. Ila maktaba nayo yaweza kuweka kanuni za kuilinda kazi ambayo ilijengwa kuifanya, maadamu kanuni hizo zina kiasi na zinamhusu kila mtu. Wakati huo mji na bima ya maktaba walikuwa wamekubali kumlipa mtu yule, ili kumaliza madai yake mengine, jumla ya dola 230,000.

Nimeviweka visa hivi viwili bega kwa bega kwa makusudi. Wa Clinton walikamatwa kwa namna walivyokuwa. Wa Morristown alishitakiwa, kwa sehemu kubwa, kwa aliyoyatenda. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote ya mkutubi mbele ya mtu mgumu, na ndiyo ningependa iandikwe katika kila daftari la mafunzo: kanuni itazame tendo, isimtazame mtendaji. “Wendawazimu hawaruhusiwi” ni kanuni mbovu, na ni dhuluma pia. “Usipige kelele mahali pa kusomea” ni kanuni njema, na mwenye akili timamu aivunjapo huonywa sawasawa na mgonjwa. “Watoto wa mitaani wasiingie” ni aibu. “Anayelala juu ya meza aamshwe wakati wengine hawana nafasi” ni jambo la insafu, na huwapata hata wahadhiri. Kanuni ya harufu ndiyo ngumu kuliko zote, nami sijaridhika nayo kwa pande zote mbili, kwa kuwa uchafu si tendo la hiari kwa mtu asiye na maji ya kuogea, ilhali jirani yake mezani naye ana pua. Pale penye msalani na bomba ndani ya jengo, mkutubi mwenye moyo huanza na sabuni kabla ya kuanza na mlango.

Yabaki namna ya kusema, maana kanuni njema ikitamkwa vibaya hugeuka matusi. Watu wa pwani wana baraza, ambapo kila apitaye aweza kuketi lakini hakuna aketiye bila ya kuijua adabu ya mahali. Na akosapo mmoja, mwenye busara hamkemei kadamnasi, bali humsogelea akamwambia pembeni. Maktaba yataka ufundi huo huo. Mkutubi ainuke kitini, azunguke kaunta, asiite kwa sauti kutoka mbali, kwa kuwa mtu aitwaye mbele ya watu arubaini hujitetea mbele ya watu arubaini, hata akijua amekosa. Amwamkie kwanza, kwa salamu inayomstahiki kwa umri wake. Amweleze tendo alilolitenda, asimpe sifa: “Kaka, simu yako imelia mara tatu, wenzako wana mtihani kesho” humfikia mtu, “wewe huna adabu” humfukuza akiwa bado amekaa. Sauti ya mgomvi ikipanda, ya mkutubi ishuke, kwa maana mtu hawezi kuendelea kwa muda mrefu kumfokea anayenong’ona. Tena ampe njia ya kutokea bila ya fedheha: chumba kingine, saa nyingine, dakika kumi nje chini ya mti. Watu wengi wanaoitwa wakorofi walikuwa wamekwisha kufadhaishwa na jambo lingine kabla hawajafika. Mmoja ametoka ofisi nne akizungushwa na faili lake, na maktaba ni ya tano. Hasira yake yaweza kuwa ya haki, ila ameileta kwa mtu asiyehusika.

Yote hayo yana mpaka, nao ni mwili na utu wa mkutubi. Hakuajiriwa ili atukanwe. Mtu akimtishia kumpiga, akimshika, akimtamkia maneno ya aibu, mazungumzo yamekwisha. Mlinzi aitwe, na polisi ikibidi, na mkutubi asibaki peke yake na mtu huyo hata dakika moja. Kwa hiyo si busara kuwa na mtumishi mmoja tu katika tawi saa za jioni, ijapokuwa bajeti huwashawishi wakubwa kufanya hivyo. Kila tukio, dogo na kubwa, liandikwe siku ile ile katika daftari: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, hatua iliyochukuliwa, si sifa za mtu wala dhana za moyoni. Daftari la namna hiyo huwalinda watu wote wawili. Humlinda mkutubi, mkubwa fulani akimshitaki kwa ufidhuli, na humlinda msomaji aliyefukuzwa na mtumishi mwenye chuki, kwa maana mwenye kulisoma ataona ya kuwa kosa lililoandikwa halilingani na adhabu iliyotolewa. Na kila adhabu iwe na mwisho wake, juma moja au mwezi mmoja au miezi mitatu, pamoja na mtu wa kukata rufaa kwake.

Nimemweka mwisho yule asemaye peke yake kwa sauti, kwa sababu kwake kanuni na adabu zote hazitoshi. Hakutenda kwa kusudi, onyo halimfikii, na kumtoa nje ni kumrudisha barabarani alikotoka. Mwaka 2009 maktaba ya umma ya San Francisco, ambayo wasomaji wake wengi hawakuwa na makazi, iliajiri mtaalamu wa ustawi wa jamii afanye kazi humo ndani siku zote, akizunguka kati ya meza, akiketi na watu, akiwaelekeza penye malazi, chakula na matibabu. Baadaye wakaongezwa wasaidizi ambao wao wenyewe walipata kulala nje, na waliijua lugha ya wale wanaowahudumia. Maktaba nyingi za Marekani zimefuata. Sitarajii kila tawi letu la wilaya, ambalo pengine halina fedha za magazeti ya juma, liweze kumlipa mtu wa namna hiyo. Lakini halmashauri zetu zinao maafisa ustawi wa jamii tayari, na hospitali za mikoa zina wauguzi wa maradhi ya akili. Lililokosekana ni mkutano mmoja wa asubuhi kati yao na mkutubi, ili majina na namba zao za simu ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa kaunta chini ya kioo, na ili mkutubi ajue, siku ile mtu atakapoanza kulia au kupiga kelele kati ya rafu, ni nani wa kumwita kabla ya kumwita askari. Vyuo vinavyofundisha wakutubi, kile cha Bagamoyo na idara za vyuo vikuu, vingefanya vyema kuwapeleka wanafunzi wao wakakae siku kadhaa katika ofisi hizo za ustawi wakati wa mafunzo ya vitendo, wakaone namna mtu aliyechanganyikiwa anavyosemeshwa, jinsi ya kusimama naye bila ya kumzibia njia, na muda unaohitajika kumngoja mpaka atulie.